Ngazi ya Darmi

Kila aliyekufa kijijini alichongewa ngazi yake kisimani, na ukiikanyaga, anaongea kwa sauti yake mwenyewe. Ukame ulivyozidi, walichonga kuyafuata maji chini, na Darmi, binti mdogo wa Talaso, alipouawa na kiu, akapata ngazi ya chini kabisa. Kila asubuhi Talaso, mama yake, alishuka, akaikanyaga taratibu, akasikia: "Mama, nibebe."

Hatimaye mvua ikanyesha. Maji yakapanda kisimani, kijiji kizima kikalipuka kwa vigelegele. Talaso alichota ndoo, akapanda nayo hadi juu, akaimwaga mchangani. Akarudi kuchota nyingine.

"We Talaso! Maji unayamwaga?" jirani yake Qabale alimaka, akamshika mkono.

"Niache, dada," alisema Talaso. "Mtoto wangu hajui kuogelea."