Kitufe cha Pole

Asubuhi Zawena alipanga viti sita kando ya kitanda cha mumewe, Mzee Shekue, akajaza chupa ya chai. Habari kwamba figo zake mzee zimefeli zilikuwa zimeenea kwenye mtandao wa mji, mtandao alioujenga mzee mwenyewe.

Hadi jioni chupa ilikuwa haijaguswa.

"Wamefika elfu tisa," alisema mzee, simu kifuani. "Wote wamebonyeza Pole."

Kitufe hicho alikibuni yeye, ili watu wasihangaike kuandika.

"Yupo tunayemjua?"

"Mhando, jirani yetu."

Nyuma ya ukuta, redio ya Mhando ilikuwa ikitangaza mpira. Zawena akaanza kurudisha viti sebuleni, kimoja kimoja.

"Mke wangu," mzee aliita, macho ukutani. "Hicho cha mwisho kiache."