Ndizi za Cucu

Mkonga wa ndovu ulikuwa umepasua hema kwa nyuma ukaingia, na ndani alikuwa amelala binti mdogo wa Watiri.

Watiri aliganda kando ya jiko, mwiko mkononi. Askari wa mbuga alimshika bega. "Usipige kelele, mama. Huyu akishtuka atakanyaga hema yote."

Asubuhi askari huyohuyo alikuwa amewaonya walimu wote waliokuja kupiga kambi Aberdare: chakula kisilale hemani. Lakini hizi ndizi zilitoka kwa cucu, nyanya wa mtoto, kule Giakanja, aliyezoea kumnyooshea mjukuu wake kiganja kila mtoto alipokula, ili ajue kugawa. Kitu cha cucu hakiachwi nje. Watiri alikuwa amezitia kiondoni ndani ya hema, akakifunika kwa shuka.

Sasa aliona yote kupitia mlango uliofunguliwa. Mkonga ulipekua kiondo, ukavuta ndizi ya mwisho, ukaenda nayo. Kisha ukarudi. Ncha yake iliyolowa ilipapasa blanketi polepole, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, ikapanda mpaka kwenye ngumi ya mtoto.

Hapo Watiri akakumbuka. Mtoto alikuwa amelala na kipande cha ndizi mkononi.

Pumzi ya ndovu ilipeperusha nywele za yule mdogo. Askari aliinua bunduki nusu, akaishusha.

Mtoto hakufungua macho. Alifungua vidole.

"Shika, cucu," alisema kwa usingizi, kisha akaanza kugeuka amtazame.