Siku Friji ya Mtaa Ilipozima

Friji ya mtaa ilikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa. Aliyejaliwa chakula cha ziada alikiweka humo, na mwenye njaa alichukua bila kuulizwa. Siku moja ya joto kali ilizima. Bi Sikudhani, aliyejitolea kuitunza, alifungua mlango akakuta samaki wameanza kulegea.

"Vyote vitaoza," alisema, machozi yakimlengalenga.

Nyuma yake alisimama Mwajabu, ambaye kila alipokuja kuchukua chakula aliinamisha uso.

"Havitaoza, dada. Nipe hao samaki."

Akaenda, akarudi na sufuria na jiko lake la mkaa, akaliwasha palepale njiani. Wengine waliozoea kuja kuchukua wakatokea vichochoroni, huyu na nazi, yule na ndimu, mwingine na chumvi kiganjani. Bi Sikudhani hakujua kama walikuwa wengi hivyo. Alipotaka kushika mwiko, Mwajabu alimkalisha mkekani.

"Leo wewe ni mgeni wetu."

Sahani ya kwanza ikaletwa kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni, na mtaa mzima ukamsubiri aonje.