Kichwa cha Verlene

Verlene alijikunyata nyuma ya usukani, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, akijitazama kwenye skrini kubwa iliyosimamishwa kando ya mashamba ya mahindi ya Ohio, mahali ambapo watu hutazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Ilikuwa filamu yake ya kwanza kuigiza, ya kutisha na kuchekesha, damu yenyewe sosi ya nyanya. Nyumbani alikuwa amesema anauza viatu. Baba yake, mchungaji, alikuwa amehubiri Jumapili mbili mfululizo kwamba filamu ile ni kazi ya shetani.

Zimwi lilipojitokeza kwenye skrini, zipu ya vazi lake wazi mgongoni, magari yote yalipiga honi kwa furaha. Gari la jirani lilitikisika kwa kicheko cha mtu mmoja. Verlene akageuka.

Alikuwa baba yake. Tai imelegea, vidole vinang'aa kwa siagi ya bisi, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Macho yao yakakutana. Kicheko kikamkatikia mzee kooni.

Kisha mchungaji akateremsha kioo, akamnyooshea mfuko wa bisi.

"Mama yako asijue," alinong'ona. "Haya, tazama mbele, wanakaribia kukukata kichwa. Leo ni mara yangu ya nne, mwanangu, na hapo bado nafumba macho."