Herufi za Kijani

Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na Shomvi, karani wa ofisi ya ardhi, alikuwa amechoka kusema "subirini." Akaiwekea kompyuta ile picha inayojitokeza mashine ikipumzika: herufi za kijani zinazomwagika kutoka juu ya kioo hadi chini. Akachagua kasi ya juu kabisa, kisha akaegemeza kichwa ukutani.

Nje, watu waliokaa kwenye benchi wakageuka. Kupitia dirishani walikiona kioo vizuri.

"Afadhali, leo inafanya kazi," mmoja alinong'ona.

Bi Somoe, aliyekuja kufuatilia hati ya shamba la marehemu mumewe, aliinuka akasogea dirishani. Akakodoa macho, midomo ikichezacheza.

"Mwanangu," alisema, "jina langu limeshapita?"

Shomvi alifumbua macho. Alitaka kumwambia kwamba hayo si majina, kwamba mashine imelala kama yeye alivyotamani kulala. Akauona mkono wa bibi umeshika nondo za dirisha, na nyuma yake benchi zima limenyoosha shingo.

"Bado, bibi."

"Basi ipunguzie mbio, baba. Macho yangu hayaiwezi."

Karani akavuta kiti. Akafungua mipangilio, akatafuta palipoandikwa kasi, akaishusha hadi mwisho.

Herufi zikaanza kudondoka moja moja, kama matone ya bomba bovu. Ikadondoka S. Bi Somoe akatabasamu, akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akasubiri inayofuata.