Alama Moja kwa Jumbe

Miezi mitatu baada ya kuchapwa viboko kumi na viwili, Mfaume alipita nyumba kwa nyumba Temeke akimwombea kura mtu aliyeamuru achapwe.

Tunu, mkewe, alizipata habari kwa jirani yake Chausiku, aliyekuja kuazima kinu akakaa kupita haja ya kinu.

"Shoga, mumeo kanogewa," alisema Chausiku. "Akiongezwa kumi na viwili vingine, si atambeba jumbe mgongoni?"

Tunu alikuwa anadarizi kofia, sindano ikamwingia kidoleni.

Yeye hakusahau. Kosa la Mfaume lilikuwa kuwasomea majirani gazeti. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa linajadili viwanja vyao, naye akawashauri wapeleke barua ya kuuliza. Jumbe Mwishehe, mkuu wa eneo lao chini ya Waingereza, akamwita, akamwambia kwamba Serikali ina masikio, na masikio yake hapa Temeke ni yeye. Kisha akaamuru alazwe kifudifudi mbele ya watu, mkewe akiwa anatazama. Tunu alihesabu kila kiboko, na kila kimoja alimwekea jumbe moyoni.

Sasa, kwa mara ya kwanza, watu walikuwa wanachagua wajumbe wa Baraza lile. Si wote. Waliosoma, wenye mshahara wa kutosha na wenye vyeo. Mfaume, karani wa ghala bandarini, alikuwamo. Tunu hakuwamo.

Waafrika waliogombea pale walikuwa wawili. Mmoja ni Albano, mwalimu kutoka Masasi. Alisema akichaguliwa atakaa sokoni kila mwezi kuwaeleza watu yaliyosemwa Barazani na kuyachukua maswali yao, na atadai kura iwe ya kila mtu, wanawake nao. Wa pili ni jumbe Mwishehe, ambaye hakuahidi kitu. Alisema watu wanamjua.

"Yule akiingia Barazani," Tunu alimwambia mumewe, "mie narudi kwetu Kawe na talaka yangu. Siwezi kulala na mgongo uliomsamehe mzee yule."

"Ngoja kura ipite, mama Hamisa," alisema Mfaume, akaendelea kula.

Jumbe alifurahi kuwa na Mfaume. Alimtembeza kwa wageni kama ng'ombe aliyefugika. "Mnamwona huyu? Fimbo imemfunza," alisema, wageni wakacheka, na Mfaume akacheka nao huku kambebea jumbe kiti chake. Tunu aliyaona hayo kwa macho yake, alipotoka dukani na mafuta ya taa. Alitema mate chini, akapita.

Albano alipoomba ruhusa ya kuitisha mkutano ili aeleze namna ya kupiga kura, jumbe alikataa. Mwalimu wa watoto hafundishi watu wazima, alisema, na watu wake atawaelekeza Mfaume. Albano akaenda kufanyia mkutano Ubungo. Jumbe akawakataza watu wake wasikanyage huko. Mfaume alikwenda, akakaa nyuma kabisa, akasikiliza mpaka mwisho. Tunu aliposikia, alijua ametumwa kupeleleza.

Wiki ile ile Mfaume aliwakusanya watu wa jumbe uani kwa jumbe: wazee wake, makarani wake, wakandarasi waliokula kwake. Tunu alisimama nje ya ua wa makuti akasikiliza. Mumewe aliwaambia karatasi itakuwa na majina mengi, ya Waafrika, ya Wahindi na ya Wazungu, wasibabaike. Alama moja tu, penye jina la jumbe, basi.

"Atakayegusa jina jingine," alisema Mfaume, "anamgawia mtu mwingine heshima ya mzee."

Mzee mmoja akauliza kama alama yenyewe ni msalaba, maana yeye ni Mwislamu. Watu wakacheka. Mfaume akamwambia ni mikato miwili tu, Mungu ataelewa. Jumbe naye akacheka. Alisema hata yeye ataweka moja tu, hawezi kumpa Mhindi wa dukani kura aliyozaliwa nayo yeye.

Tunu alirudi nyumbani akafunga nguo zake kwenye kanga.

Siku ya kutangazwa matokeo alikwenda kwenye uwanja wa shule na furushi lake kichwani. Alitaka asikie kwa masikio yake, kisha ashike njia ya Kawe. Jumbe alikuwa amekaa mbele kwenye kiti, kanzu imepigwa pasi. Mfaume alisimama nyuma yake, akimkinga jua kwa mwavuli.

Karani wa uchaguzi alitoka akasoma. Albano, kura mia moja tisini na sita. Mwishehe, kumi na moja.

Jumbe alisimama. Alisema watu wake peke yao wanapita mia tatu, na wote wamepiga kura, amewaona kwa macho yake. Kura zao ziko wapi?

Karani akainua bunda la karatasi.

"Hizi hapa, mia tatu na nne. Zimeharibika zote. Sheria inamtaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Karatasi yenye alama moja haihesabiwi."

Mfaume akaufunga mwavuli, akanyoosha mkono, akamwomba karani kwa adabu asome tena, polepole, maana mzee jumbe hakusikia vizuri.