Mtoto wa Twiga Ameongeza Nini?

Ligi ya likizo ilipomalizika huko mwituni, Kocha Mbuni aliwaita wazazi na watoto wao ili awaambie ni nani kati ya watoto hao aliyepiga hatua katika mpira wa kikapu. Mama Twiga aliwahi kufika, akakaa mbele kabisa, na waliokuwa nyuma yake hawakuona kitu.

"Aliyeendelea kuliko wote ni Nguchiro," alisema Mbuni.

"Nguchiro?" Mama Twiga alimaka. "Huyo hajafunga hata mara moja! Mwanangu alikuwa akiutumbukiza mpira kama anayetia kuni jikoni."

"Hata mwaka jana aliutumbukiza hivyo hivyo, mama. Mwaka huu ameongeza nini?"

"Ameongeza shingo!"

Wazazi waliangua kicheko. Mama Twiga kwa hasira akamsukuma mwanawe uwanjani akamwonyeshe Nguchiro kazi. Kijana akaanza kudunda mpira. Nguchiro akapita chini ya tumbo lake, akaunyakua kwa mkono wa kushoto, ule ambao mwaka jana haukujua hata kudunda, huyoo! Twiga mdogo aliinama kuutafuta kati ya miguu yake, miguu ikasokotana, akaanguka puu!

Mama mtu alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kijana alijizoazoa huku akicheka mwenyewe.

"Ndugu yangu," alimwambia Nguchiro, "hebu nifundishe hiyo."

"Nitakufundisha," Nguchiro alijibu, akikitazama kikapu kule juu. "Ila leo nibebe kichwani kwanza. Na mimi nionje utamu wa kufunga."